Pikipiki Kuukuu na Stika Mpya



Wengi wetu husema ya kwamba pikipiki ikishapita miaka kumi haifai tena, na kwamba siku ya ukaguzi wa mwaka itarudishwa tu. Mimi sikubali. Nasema kwamba pikipiki kuukuu yaweza kupita kila mwaka bila wasiwasi, na mpya yaweza kushindwa. Tena nasema kwamba kupita si kitu, ikiwa mwenyewe amemdanganya mkaguzi. Sisemi haya kwa kusikia. Nilishiriki katika udanganyifu huo kwa mikono yangu, na ndiyo sababu ya kuandika.

Mjomba wangu ni mtu wa kwetu, pwani ya Palma, lakini amekaa Mtwara siku nyingi akichukua abiria kwa pikipiki. Katika Tanzania, ukaguzi umefungamana na Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani: polisi wa usalama barabarani hukitazama chombo, na kikiwa kizima hubandikwa stika. Likizo moja nilivuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo kwenda kumwamkia. Pikipiki yake ilikuwa na miaka 14. Jioni ya kuamkia ukaguzi aliniita, "Mpwa wangu, lete spana." Mpira wa mbele ulikuwa laini kama upara, na taa ya nyuma haikuwaka.

Tulikwenda kwa jirani, mzee mmoja seremala, ambaye pikipiki yake ilikuwa na miaka 22 na ilikuwa imekwisha kaguliwa. Magurudumu yake yalikuwa ya kipimo kimoja na yetu. Mzee alitikisa kichwa, lakini hakutaka kumnyima jirani. Tukaazima gurudumu la mbele na balbu. Asubuhi tulipita, tukapewa stika. Jioni tulimrudishia mzee mali yake. Hivyo pikipiki ya mzee ilipita mara mbili, na yetu haikupita hata mara moja.

Wiki tatu baadaye mvua ilinyesha. Magharibi mjomba alikuwa amempakia mama mmoja na mtoto wake, wanakwenda hospitali. Mbuzi alikatiza njia, mjomba akashika breki, na ule mpira wa upara ukateleza. Mtoto alisalimika, Alhamdulillahi. Mama alivunjika mkono, mjomba akavunjika mguu. Nilipokwenda kuiokota pikipiki, niliiona stika inang'aa, haina hata mkwaruzo. Mjomba aliniambia, "Mpwa wangu, stika haikuanguka. Tulioanguka ni sisi."

Sasa nauliza: kwa nini ya miaka 22 ilipita kwa haki, na ya miaka 14 kwa hila? Wengi watasema injini. Sivyo. Injini nyingi za pikipiki za Kichina tuzionazo huku zilifuata mfano wa Honda CG125, iliyotoka katika miaka ya 1970 na kufanywa kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo ni ya shida. Injini hizo ni nyepesi kutengeneza na hudumu. Kinachomkamata mtu kwenye ukaguzi ni vitu vidogo: taa, breki, mipira, mnyororo, usukani.

Na kwetu pwani vitu vidogo vina maadui wawili. Wa kwanza ni chumvi ya bahari, ambayo hula waya wa breki ndani ya ala yake, na mishikio ya waya za taa, hata ufikiri balbu imekufa kumbe ni kutu. Wa pili ni mchanga. Mchanga ukichanganyika na mafuta ya mnyororo huwa kama tupa, husaga meno usiku na mchana. Yule mzee alijua hayo. Kila Ijumaa aliosha mnyororo kwa mafuta ya taa, akaukausha, ndipo akautia mafuta mapya. Aligonga njiti za gurudumu moja moja kwa spana, asikilize: iliyolegea hutoa sauti nzito. Aliinua gurudumu la mbele akageuza usukani polepole, aone kama unakwama katikati. Kazi hiyo haikumchukua hata nusu saa.

Uingereza walianza ukaguzi wa namna hii mwaka 1960, kwa vyombo vya miaka kumi na zaidi, wakitazama breki, taa na usukani. Siku hizi pikipiki huko hukaguliwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitatu. Lakini tangu 2018 chombo cha zaidi ya miaka 40 ambacho hakikubadilishwa sana kimesamehewa, na sababu moja ni kwamba wenye vyombo vya kale huvitunza vizuri. Hata hivyo mwenyewe hakusamehewa wajibu wa kukiweka kizima. Nao husema wazi kwamba cheti hueleza hali ya chombo siku ile ya ukaguzi tu.

Mtu atanijibu, "Wewe mwanafunzi, hujui bei ya mpira." Najua. Lakini mjomba alikaa miezi minne bila kazi, na mkono wa mama yule haununuliwi dukani. Mwingine atasema mkaguzi angekaza macho. Ni kweli, lakini mkaguzi huona tulichomwonyesha. Sisi wanafunzi twalijua jambo hili: anayenakili mtihani hupata alama, hapati elimu, na siku ya kazi huumbuka.

Basi shauri langu ni hili. Kijijini kwetu sijaona mkaguzi akija, lakini pikipiki ndizo zinazowachukua mama zetu kwenda kujifungua. Kwa hiyo kila mwenye pikipiki awe mkaguzi wa nafsi yake: asubuhi atazame mipira, ashike breki zote mbili, awashe taa, ndipo apakie mtu. Nanyi ndugu zetu mliokwisha kumaliza shule, mlioko Palma, Mocímboa da Praia na Pemba, wengi wenu mna pikipiki. Tufundisheni kazi hii mkija kututembelea.

Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Stika yetu ilikuwa mpya. Kidonda nimekiona.

Mwanafunzi wa Darasa la 12