Wepesi wa Gari na Mizani ya Shairi

Neno mizani kwetu sisi watu wa pwani lina maana mbili. Iko mizani ya muuza samaki sokoni, na iko mizani ya shairi, yaani hesabu ya silabi katika mshororo. Zote mbili nimezijua tangu utotoni, na sikudhani hata siku moja kwamba zingekutana ndani ya gari la Mwingereza. Lakini zimekutana, na leo nataka tuzungumze habari hiyo.

Gari lenyewe ni Lotus Elise. Watu walioneshwa kwa mara ya kwanza Septemba 1995, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, Ujerumani. Lilitoka Hethel, jimbo la Norfolk, mahali palipokuwa na uwanja wa ndege za vita. Bwana Richard Rackham alishughulikia kiunzi, na Bwana Julian Thomson akalichora umbo. Jina lilitokana na Elisa, mjukuu wa Romano Artioli, aliyekuwa mkuu wa kampuni wakati huo. Uzito wake ulikuwa kilo 725 hivi. Kiunzi chake cha alumini kilikuwa na kilo 68 tu, uzito wa mtu mzima mmoja, na vipande vyake viliunganishwa kwa gundi. Bodi ilikuwa ya faiba, kama mashua zetu za siku hizi.

Sasa tuwatazame wapenzi wa magari, maana hao ndio kisa cha makala haya. Walipoliona, waligawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilifurahi mno. Colin Chapman, aliyeiasisi Lotus, alikufa mwaka 1982, na tangu hapo wengi waliona kampuni imepotea njia. Yeye ndiye anayenasibishwa na usemi kwamba fundi arahisishe kwanza, kisha aongeze wepesi. Mwaka 1989 Wajapani walitoa Mazda MX-5, gari lililoiga roho ya Lotus Elan ya mwaka 1962, wakauza kuliko wenyewe. Kwa hao, Elise ilikuwa ni mtoto wa nyumba aliyerudi kwao.

Fungu la pili liliogopa ile gundi. Gari hukazwa kwa bolti au kulehemiwa. Vipi lishikwe kwa gundi? Hofu hiyo naielewa. Hata fundi wa jahazi ukimwambia aache misumari atakutazama mara mbili. Lakini gundi ile ilishika, na magari hayo yangali yakikimbia mpaka leo.

Fungu la tatu lilinung'unika. Injini, walisema, ni ya Rover, ya magari ya kwendea kazini, tena ina nguvu za farasi 118 tu! Zulia liko wapi? Na mbona kuingia ni shida hivi, sharti mtu ainue mguu kama apandaye dau?

Hao ndio walionichekesha. Injini ile ile iliyokuwa ya kawaida katika gari zito, hapa ilitoka kusimama ikafika maili 60 kwa saa katika sekunde zisizotimia 6. Uzito ukipungua, breki hazichoki upesi, tairi hazielemewi, na usukani waweza kuzungushwa kwa mkono bila ya msaada wa mashine. Jambo moja likipunguzwa, la pili nalo lapungua.

Mwalimu wangu wa ushairi alikuwa na tabia hiyo hiyo. Nilimpelekea beti zangu, naye huweka kidole juu ya neno akaniuliza, "Hili lafanya kazi gani?" Nikijibu kwamba limejaza mizani, hulifuta papo hapo. Anayelilia zulia katika Elise ni mshairi anayejaza mizani.

Walakini, ndugu msomaji, tusiwe mashabiki vipofu. Chuoni tulifunzwa kwamba kupunja mizani ni dhambi kubwa, na kati ya kupunguza na kupunja pana hatari. Mwaka 1969 dereva wa Lotus, Jochen Rindt, alimwandikia Chapman barua. Alimweleza kuwa magari yake yalikuwa mepesi wa mbio kiasi kwamba hata yakiongezwa uzito kidogo ili kuimarisha sehemu dhaifu, bado yangeshindana. Septemba 1970, huko Monza, Italia, mtaimbo wa breki ya mbele ulikatika, Lotus yake ikagonga kizuizi cha kando ya njia, akafa. Alitangazwa bingwa wa dunia wa mwaka huo akiwa kaburini. Wapenzi wanaoimba sifa za wepesi wasiisahau barua ile. Neno la ziada hufutwa. Lakini ukifuta neno lililobeba maana, hilo si shairi tena.

Elise yenyewe ilipofika mwaka 2000 ililazimika kubadilishwa, kwa sababu ya kanuni mpya za Ulaya za usalama wakati wa ajali. Walioguna wakati huo walikosea. Kilo chache za kumlinda abiria si zulia.

Elise ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2021. Zilikuwa zimeundwa zaidi ya 35,000. Kampuni ya Geely ya China ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya Lotus tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 ilioneshwa Eletre, gari la umeme lenye uzito wa zaidi ya tani 2, linaloundwa Wuhan. Wapenzi wakalia tena, safari hii kwa uchungu. Kilio chao nakiona cha haki, lakini nina swali. Je, miaka yote ile, ni wangapi kati yao waliosifu wepesi kwa ulimi, kisha wakaenda dukani wakaagiza kipoza hewa na viti vya ngozi? Muuzaji hausikilizi ulimi. Husikiliza mkoba.

Anayependa kitu chepesi na akubali kukosa. Akitaka wepesi pamoja na kila raha, basi atapewa tani mbili, naye asimlaumu fundi.