Vipima Oksijeni Visawazishwe kwa Hewa ya Ziwani

Mfugaji wa sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria anaweza kulala akiwa na tani kadhaa za samaki, akaamkia mizoga. Mara nyingi kisa ni oksijeni kuisha majini. Mwaka 2022 wafugaji wa upande wa Kisumu walipata hasara kubwa namna hiyo. Huku Mwanza vizimba vinaongezeka, na Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ugawaji wa boti na vizimba kwa mikopo isiyo na riba. Tunaunga mkono mpango huo kwa moyo wote. Ndiyo maana tunakisemea kifaa kimoja kidogo ambacho mkopo mzima unaweza kukitegemea: kipima oksijeni.

Kipima kisicho na barometa ndani yake kwa kawaida huja kikiwa kimewekewa mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari, milimita 760 za zebaki. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na mgandamizo wake ni kama milimita 663. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni kutoka hewani, Dar es Salaam yanabeba miligramu 8.3 hivi kwa lita. Mwanza ni 7.2. Mfugaji asiyebadilisha ile 760 anasoma ziada ya asilimia 15. Kipima kikimwonyesha 3.5, majini mna 3 tu. Tena kosa hili halibadiliki upande, kila siku linamtuliza. Naye akishatulizwa anamwaga chakula, wakati sato aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi ya mwenye njaa.

Wapo wanaochukua mgandamizo kwenye utabiri wa hali ya hewa wa simu. Wasifanye hivyo. Namba ile kwa kawaida imeshahesabiwa upya kana kwamba Mwanza iko ufukweni mwa bahari, kwa hiyo ukiiingiza unarudi ulikotoka. Tumia barometa iliyosomwa palepale, au jedwali la mwinuko linalokuja na kifaa.

Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Lowesha sifongo, iweke ndani ya kikombe cha kifaa, kisha ingiza kihisi bila kukigusisha maji. Futa matone yote kwenye utando wa kihisi, maana tone moja linatosha kuharibu usomaji. Acha kivulini dakika 10 hadi 15 mpaka joto litulie. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, wanabonyeza kitufe namba ikiwa bado inacheza. Ikitulia, ingiza mgandamizo wa mahali ulipo, ndipo uthibitishe. Mara mojamoja tumbukiza kihisi pia kwenye maji yaliyotiwa sodiamu salfaiti, ambayo huondoa oksijeni yote. Kikikataa kushuka karibu na sifuri, kagua utando kama una kiputo au umechanika, na ubadilishe maji yake ya ndani. Vihisi vya mwanga havina maji hayo wala havihitaji kutikiswa majini wakati wa kupima kama vile vya utando, lakini navyo husawazishwa, na kofia zake huchakaa.

Mizani ya samaki mwaloni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo ili mnunuzi asipunjwe kilo. Kipima oksijeni nacho kinastahili uangalizi, ila hatuombi mlolongo mwingine wa vibali kwa mfugaji. Tunaomba mambo machache. Anayeuza kipima Kanda ya Ziwa amwekee mteja mgandamizo wa Kanda ya Ziwa kabla hajatoka dukani, na amfundishe kuubadilisha. Anayetoa mkopo wa kizimba adai daftari la usawazishaji kama anavyodai daftari la chakula. Maofisa uvuvi, kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, wapange siku za wafugaji kuleta vipima vyao vilinganishwe na kipimo cha Winkler, kile cha kemikali kinachotumika tangu 1888 ambacho hakina betri wala utando.

Na mfugaji apime alfajiri, kabla jua halijachomoza, ndani ya kizimba na kwenye kina cha wavu. Saa nane mchana, juu juu ya maji, hata kipima kilichosawazishwa vizuri kitampa namba ya kupendeza isiyomsaidia.