Moyo Mweupe Juu ya Foronya Nyeupe

Wapendwa akina mama, mwezi huu naomba mniruhusu niweke kando habari za homa na chanjo, tuzungumze juu ya sindano. Si ile ya hospitali. Ni sindano ya kudarizi, ambayo wengi wetu tuliishika mara ya mwisho tukiwa shuleni, tukatengeneza kitambaa cha somo la sayansi kimu, tukakitandika juu ya redio ya baba, na habari ikaishia hapo.

Mwaka juzi usharika wetu ulipokea wageni kutoka Ujerumani. Mmoja wao, muuguzi mstaafu, alilala nyumbani kwangu siku tisa. Tulielewana upesi, maana wauguzi hata wasipojua lugha moja huchekeshwa na mambo yaleyale. Usiku wa mwisho alitoa sandukuni foronya nyeupe akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamshukuru kwa adabu, lakini moyoni nikasema, foronya tupu? Akanivuta hadi karibu na taa, akaiinua. Ndipo nilipoona. Ndani ya ule weupe mlikuwa na umbo la moyo, na ndani ya moyo vitundu vidogo vidogo vilivyopangika kama chandarua. Kando yake yalikuwapo maua ya tulipu na ndege wawili wanaotazamana. Yote yalidariziwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, bila rangi yoyote.

Ilikuwa kazi ya bibi yake mzaa mama. Kwao ni Schwalm, na darizi hii inaitwa kwa jina la huko.

Schwalm ni mto mdogo katika jimbo la Hesse, katikati ya Ujerumani, na nchi inayouzunguka huitwa kwa jina hilohilo. Iko kati ya miji ya Kassel na Marburg. Miji yake miwili, Treysa na Ziegenhain, iliunganishwa pamoja na vijiji vya jirani mwishoni mwa mwaka 1970 ikawa mji mmoja unaoitwa Schwalmstadt. Wasomaji Walutheri mtapenda kujua kwamba ni Ziegenhain hiyohiyo iliyotoa, mwaka 1539, utaratibu wa kanisa unaohesabiwa kuwa chanzo cha kipaimara cha Kiprotestanti. Basi watoto wetu wanaokariri katekisimu kila Jumamosi wana undugu wa mbali na mji huo, wapende wasipende.

Zamani mavazi ya wanawake wa Schwalm yalitaja umri na hali ya mtu kabla hajafungua mdomo. Msichana alivaa kikofia kidogo chekundu juu ya nywele zilizofungwa utosini. Mke kijana alihamia rangi ya kijani. Umri ukisogea alivaa buluu au zambarau, na uzee au msiba ukifika, nyeusi. Wachoraji walivutiwa na mavazi hayo, na tangu mwanzo wa karne ya 19 walikuwa wakienda kukaa katika kijiji cha Willingshausen ili kuwachora watu wa huko. Lakini kwenye nguo za kitandani rangi hizo hazikuingia. Huko kazi ya fahari ilibaki nyeupe.

Nguo zenyewe zilikuwa za kitani. Nasema kitani, si katani ya mkonge ya Tanga. Kitani ni mmea mwembamba wenye maua ya buluu, na kutoka shambani hadi shukani ni safari ndefu. Uling'olewa, ukalowekwa hadi maganda yakalegea, ukavunjwavunjwa, ukachanwa kwa vitana vya chuma, ndipo nyuzi zikasokotwa na kufumwa. Kitambaa kikatandazwa majanini, kikarushiwa maji na kuachwa juani hadi kikawa cheupe. Kusokota kulifanyika jioni za baridi, wasichana wakikusanyika katika nyumba moja na magurudumu yao ya kusokotea. Wavulana nao hawakukosa kupita kusalimia, na wakubwa wa kanisa na serikali wa nyakati zile walilalamika sana juu ya mikusanyiko hiyo. Mnaona, malalamiko hayo hayakuanzia kwetu.

Msichana alikuwa akiandaa kasha lake la arusi miaka mingi kabla hajajua atakayemwoa. Humo mliingia mashuka, foronya, taulo, hata shati la bwana arusi lenye darizi nyeupe. Ziliwekwa pia foronya za maonyesho, ambazo hakuna kichwa kilichozilalia, na taulo ndefu za maonyesho zilizotundikwa mbele ya taulo za kufutia mikono ili mgeni asione zilizochafuka. Wengine walidarizi herufi za majina yao na mwaka, na ndiyo maana leo vipande vya zamani vilivyo katika jumba la makumbusho la Ziegenhain na lile la kijiji cha Holzburg vinaweza kusomwa kama cheti.

Nilipokuwa nikisikiliza habari hizi nilivutiwa, kisha nikaingiwa na fikira. Nyuma ya moyo huo mzuri alikuwapo msichana anayepimwa kwa kasha lake. Majirani walihesabu. Asiyejua sindano vizuri, au aliyetoka kwenye nyumba isiyo na shamba la kitani, alijua anavyotazamwa. Nilimwuliza mgeni wangu kama bibi yake aliipenda kazi hiyo. Akafikiri kidogo, akasema bibi hakuwahi kuulizwa. Wapendwa, sitaki kuwapambia mambo ya kale kuliko yalivyokuwa.

Viwanda vilipoleta nguo za bei nafuu na wanawake wakaanza kuvaa kama watu wa mjini, darizi hii ilififia. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwapo waliokusanya maumbo ya zamani na kuyafundisha upya, na tangu hapo imesogea kutoka mkono hadi mkono. Leo anayejifunza si bibi arusi tena. Ni mwalimu mstaafu, ni karani, ni mama ambaye watoto wameondoka nyumbani, na wengine hata si Wajerumani. Luzine Happel, mwanamke Mjerumani, ameandika vitabu vya darizi hii kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu wa Marekani au Australia anaweza kuanza bila kupanda ndege. Mgeni wangu mwenyewe hakufundishwa na bibi yake. Alijifunza baada ya kustaafu, pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na kitambaa chake, na kila mmoja akifumua alichoshona wiki iliyopita.

Sasa niwaeleze inavyofanyika, maana hapo ndipo nilipoumia.

Umbo huchorwa kwa penseli juu ya kitambaa ambacho nyuzi zake zinahesabika. Hutazungusha lolote mpaka utie mshono wa vifundo juu ya mstari kwa uzi mnene, kifundo baada ya kifundo, vikae kama shanga. Kisha ndani ya mstari huo, karibu kabisa, unapitisha mshono wa mnyororo kwa uzi mwembamba zaidi. Mistari hii miwili ndiyo ukuta. Ukuta ukishasimama unageuza kitambaa, unachukua mkasi mdogo wenye ncha, na unakata nyuzi za kitambaa chenyewe ndani ya moyo. Kwa maumbo mepesi, unakata uzi mmoja na kuacha mitatu, kwa upande mmoja tu. Kwa maumbo ya wazi zaidi, unakata miwili na kuacha miwili, kwa marefu na kwa mapana, hadi ndani panabaki kama wavu. Unachomoa nyuzi zilizokatwa polepole kuelekea ukutani na kuzipunguza hapo. Nyuzi zilizobaki ndizo unazozizungushia na kuzijaza, kwa sindano butu, kwa kuhesabu: vijiua, vimisalaba, mawimbi. Mwisho unashona mshono wa blanketi kuzunguka nje, na majani, na pindo lenye mistari ya vitundu ambavyo wao huviita vitundu vya njegere.

Wasomaji wa pwani mmekwisha kunielewa. Kofia nyeupe za mkono za Lamu na Zanzibar nazo ni uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, na vitundu vinavyozungushiwa uzi. Tofauti ni kwamba kwenye kofia kitundu hutobolewa, na huku kinapatikana kwa kuondoa nyuzi za kitambaa.

Hospitali tunakata kwanza, halafu tunashona. Huku unashona kwanza ndipo ukate, na mkono uliozoea wodi miaka ishirini haukubali upesi.

Mgeni alituachia kitambaa cha kutosha, na tukaanza watano, Jumamosi alasiri baada ya mazoezi ya kwaya, kwenye baraza langu. Mimi nilichagua kudarizi foronya mbili za binti yangu wa kwanza, anayeolewa mwaka huu. Nilipomwambia alicheka.

“Mama, foronya zimejaa Kariakoo. Usijiumize macho.”

“Hizi si za Kariakoo, mwanangu.”

“Ndiyo maana. Nitaziogopa hata kuzifua.”

Nilinyamaza, lakini niliumia, na siku kadhaa sikumgusia tena habari hiyo. Baadaye nikamkumbuka yule bibi wa Schwalm ambaye hakuwahi kuulizwa. Wangu nilimwuliza, naye alinijibu. Je, nilitaka nini zaidi? Nikaendelea kushona, ila sasa nilijua ninashona kwa sababu napenda mimi.

Mwezi wa tatu wa kazi nilifika kwenye kukata. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, na nilitumia mkasi wa nyumbani, ule wa kukatia kila kitu. Nikakata nyuzi mbili nje ya ukuta. Tundu likafunguka kwenye kitambaa kizima, kando ya moyo, mahali ambapo hapana maua ya kulificha. Nawaambia kweli, nililia kama mtoto. Mwenzetu mmoja, mjane ambaye huwa hasemi sana, aliichukua foronya mikononi mwangu, akaikunja, akaenda kuchemsha chai.

Nilimpigia picha mgeni wetu kwa simu. Jibu lake lilikuja kesho yake: je, nimetupa zile nyuzi nilizochomoa? Sikuwa nimetupa, zilikuwa bado zimeshikamana na gauni langu. Basi, alisema, chukua mmoja, utie kwenye sindano, uupitishe palepale uzi ulipokatika, juu na chini, juu na chini, kama unavyopita uzi wa kitambaa, na uuvushe kidogo pande zote mbili. Nilifanya hivyo. Ukijua palipo utapaona. Usipojua hutapaona. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu ana kopo la nyuzi zilizochomolewa.

Machache kutoka kwa sista wenu. Baada ya miaka arobaini macho mengi hushindwa kuona vitu vya karibu, na huo si ugonjwa. Nenda ukapimwe upate miwani ya kusomea kabla hujailaumu sindano. Darizi mchana, dirisha likiwa upande wako, na kila baada ya muda inua macho utazame mti ulio mbali. Ukijichoma na damu ikadondokea kitambaa, osha mara moja kwa maji baridi, kamwe si ya moto, kwani moto huifanya doa ishike. Kazi ikiisha, ifue vizuri ili penseli itoke, na uipige pasi ikiwa bado na unyevu, upande wa darizi ukilalia taulo nene, ili vifundo visibonyezwe.

Ninaulizwa pia kama huu unaweza kuwa mradi wa kikundi. Kwa maoni yangu, hapana. Mwenzetu mmoja alipiga hesabu akasema kwa saa tulizotumia tungekaanga maandazi tukamaliza deni la mabati ya kanisa. Ana haki. Hakuna atakayelipa bei ya foronya hii kwa saa zilizoingia ndani yake, na anayetafuta kipato aanze na kitu kingine. Yeye mwenyewe, baada ya kusema hivyo, alivuta kiti na kuendelea na tulipu yake.

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuja kuchukua vyombo. Alinikuta nimeinamia moyo wa foronya ya pili, nikihesabu na kupotea, nikihesabu na kupotea. Akasimama kidogo. Akaweka mkoba chini, akaketi mkekani, akanitoa kitambaa mkononi. Macho yake bado hayahitaji miwani.

“Mama, miwili inakatwa, miwili inabaki?”

“Miwili na miwili. Usivuke mnyororo.”

Alichomoa hadi giza lilipoingia, akaondoka bila kusema kama atazitaka. Arusi ni mwezi wa nane, na moyo huo bado haujajazwa.