PADRE YOHANNA ABDALLAH NA HISTORIA YA KWETU

Kwetu ni Narung'ombe. Jina hilo limo katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu ya mapigano ya tarehe 19 Julai, 1917, baina ya Waingereza na Wajerumani. Vitabu hutaja maofisa na bunduki zao. Bibi yangu, ambaye ni Myao, hutaja mihogo iliyong'olewa na askari wenye njaa, na jinsi mama yake, angali mtoto, alivyolala porini. Habari hiyo ya bibi sijaiona kitabuni.

Kwa ajili hiyo nampenda Padre Yohanna Barnaba Abdallah. Alikuwa Myao, akasomeshwa Kiungani, Unguja, katika chuo cha misheni ya U.M.C.A., kisha akafanya kazi ya ukasisi Unangu, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilipigwa chapa Zomba mwaka 1919, kwa Kiyao pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Bwana Sanderson. Humo aeleza kwamba jina la Wayao latokana na mlima uitwao Yao, mlima wa majani matupu usio na miti. Aeleza habari za Wachisi, wahunzi waliotembeza majembe kijiji hata kijiji, na safari za kupeleka pembe pwani. Wala hakuficha kwamba jamaa zake waliuza watu. Hapo ndipo ninapomsifu zaidi, maana kulisifu kabila lako ni kazi nyepesi.

Yuko kasisi mwingine wa zamani sana, Gerald wa Wales, aliyezaliwa yapata mwaka 1146. Naye aliandika habari za nchi yake na desturi zake, baada ya kuizunguka mwaka 1188 pamoja na Askofu Mkuu Baldwin. Walakini aliandika kwa Kilatini, lugha ya wasomi. Mchunga kondoo wa huko asingaliweza kujisomea. Padre Yohanna alijua Kiswahili na Kiingereza, akachagua lugha ya mama yake. Kwa maoni yangu alimpita Gerald.

Wenzangu bwenini hunicheka. Wasema lugha za nyumbani zaleta ukabila, tena haziulizwi katika mtihani. Neno la kwanza lina uzito, sikatai. Ndiyo maana ningependa kitabu hiki tukisome kwa Kiswahili pia, Mmwera na Mmakonde wapate kukijua. Neno la pili silijali.

Naomba basi likizo ya Desemba kila mwanafunzi achukue daftari, amwandike mzee mmoja wa kwao kwa lugha ya mzee mwenyewe, na Kiswahili chini yake. Nanyi wazazi wetu, tukija na kalamu msituambie twende tukachote maji kwanza. Mimi nimekwisha anza. Nina kurasa nne, na bibi amenisahihisha mara mbili jina la kijito walichojificha.