Ukuta Kabla ya Ufa

Nimeisoma kwa makini rai ya ndugu mwandishi, asemaye kwamba wizi wa karafuu kisiwani Pemba hautakoma ila kila mwenye shamba azungushe seng'enge na kuajiri mlinzi mwenye silaha. Nami, kwa taadhima zote, naona rai hiyo ina kishindo lakini haina mashiko.

Mikarafuu ya Pemba imeenea vilimani na mabondeni, shamba la huyu likigusa la yule, na njia za miguu zikipita katikati tangu zama za mababu: basi mkulima wa miti 20 atamudu vipi gharama ya waya huo, na jirani yake atapita wapi aendapo kisimani? Isitoshe, mwizi hodari hajisumbui kupanda mti. Hungoja karafuu zianikwe jamvini siku 4 au 5, hatua chache kutoka mlangoni, kisha huzizoa usiku zikiwa kavu, nyepesi, tayari kwa mizani.

Tena karafuu si muhogo, hazishibishi. Hazimfai mwizi mpaka apate mnunuzi. Na maadamu sheria imelipa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar peke yake idhini ya kununua, yule apimaye kwa kikombe uchochoroni ni mshirika wa mwizi, naye twamjua, na twapeana mkono msikitini.

Tukeshe kwa zamu penye majamvi, na tumfichue mnunuzi huyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu yetu ameanza na ukuta, ufa akauacha wazi.