Nyuso Mia kwa Simu: Afadhali Jagam

Msomaji, iwapo unatafuta mchumba kwa simu, hebu jiulize: jana usiku uliona nyuso ngapi, na leo unakumbuka ngapi? Wengi huja kwangu wakilalamikia kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Nikidadisi, nakuta simu ilikuwa mkononi hadi saa nane za usiku, kidole kikipitisha picha moja baada ya nyingine. Hao siwaandikii vidonge.

Programu hizi zilipata nguvu baada ya Tinder kuanza mwaka wa 2012. Ni kama kamari: mara unapata, mara unakosa, nawe huondoki mezani. Mwaka wa 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper wa Marekani walieleza jaribio lao la jamu dukani. Palipowekwa aina 24, ni watu 3 tu kwa kila 100 waliosimama kutazama ambao walinunua. Palipowekwa aina 6, walinunua 30. Mchumba si jamu, najua, na majaribio mengine ya baadaye hayakutoa jibu hilo. Hata hivyo, ninayoyaona chumbani mwangu yanafanana nalo mno.

Huku Asembo Bay palikuwa na jagam. Mshenga huyu, mara nyingi mama aliyezijua nyumba zote mbili, hakuja na orodha. Alileta jina moja, akiwa amekwisha kuchunguza ukoo (Mjaluo haoi katika ukoo wake), tabia, na maradhi ya nyumba ile. Ndiyo, wapo waliotia chumvi, bibi arusi akasifiwa ng'ombe na kukuta zizi tupu. Wapo pia wasichana ambao hawakuulizwa neno, na hayo sitaki yarudi kamwe. Lakini jagam akidanganya, watu walijua mlango wake.

Basi nyinyi vijana mnaounda programu pale Kisumu, mpeni mtu majina matatu kwa wiki, yatosha. Kila jina liwe na mdhamini: shangazi, rafiki, au mwenzake wa kazini. Kisha wakutanisheni upesi, mchana, penye watu, hata kwa sahani ya ngege pale Dunga. Upesi, kwa sababu mwaka wa 2017 Samantha Joel na wenzake walieleza jinsi walivyoipa kompyuta majibu ya watu kuhusu tabia zao na matakwa yao kabla hawajaonana. Ilishindwa kubashiri ni nani hasa angevutiwa na nani. Sauti, kicheko, namna mtu anavyokusikiliza: hayo hayamo katika fomu.

Mwenye programu atanung'unika kwamba mteja akipata mchumba, biashara imekwisha. Alipwe mara moja, wawili wakishaelewana, badala ya kuwatoza kila mwezi ili waendelee kutafuta.

Jambo la mwisho ni la kidaktari. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 4.9 ya watu wazima nchini, lakini 15.3 hapa Siaya na 17.5 Kisumu. Programu isitangaze hali ya mtu. Hiyo ni siri yake. Iwakumbushe tu wawili hao, wanapokubaliana kuonana mara ya pili, kwenda kupimwa pamoja. Vituo vya afya vya serikali hupima bila malipo, na vidonge vya kujikinga vimekuwa vikitolewa nchini tangu mwaka wa 2017. Ulizeni mkifika hapo, nyote wawili, kabla ya kulala pamoja.