Maji Yapewe Njia ya Kutoka



Juma hili tuongee juu ya maji yaliyolala kati ya nyumba zetu. Ziwa lilipopanda mwaka 2024, liliingia katika parseli nyingi za Kavimvira zilizo karibu na ufuko. Lilipoanza kurudi, liliacha madimbwi kwenye mashimo. Mvua inayaongeza, nasi tunamwagia humo maji ya kufulia, na watoto wanayachezea.

Mama mmoja aliniuliza: "Kwa nini maji haya yananuka, na ya ziwa pale karibu hayanuki?" Ni kwa sababu ya ziwa yanatembea. Kule baharini, kama Mombasa, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na vidimbwi vya pwani hupata maji mapya bila mtu kushika jembe. Tanganyika yetu haijai na kupwa hivyo. Dimbwi letu likikosa njia, litangoja jua likaushe, au sisi tulifungulie mlango.

Hata ziwa lenyewe lina mto mmoja tu wa kutoa maji: Lukuga, kule Kalemie, unaoyapeleka Lualaba. Cameron alipofika huko mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, mto huo ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Ziwa likazidi kupanda, hadi miaka michache baadaye maji yakapasua njia na kushuka. Mfereji wa avenyu yetu unazibwa na mchanga na majani vilevile, ila sisi tumeongeza chupa na mifuko ya plastiki.

Nikiri na kosa langu. Nilijaza udongo mbele ya nyumba yangu ili mlangoni pakauke. Pakakauka kweli, lakini maji yakahamia kwa jirani yangu wa chini, mjane mwenye watoto wanne. Hakunigombeza. Alikuja usiku kuniomba pa kulaza watoto, maana mikeka yao ilikuwa imelowa. Asubuhi nilichukua beleshi nikauondoa ule udongo, na haya usoni.

Basi, siku ya salongo tufanye hivi:

Kwanza, tutazame kabla ya kuchimba. Kama ziwa liko juu kuliko parseli, tusifungue mdomo wa mfereji, maana tutalikaribisha ndani. Tungoje lishuke.

Pili, tuanze kwenye mdomo, upande wa ziwa, kisha tupande juu. Mawimbi ya siku za upepo huleta mchanga na kuuziba mdomo huo. Ukianza juu, maji yote yatamrudia jirani wa chini.

Tatu, tope na taka tuvipeleke mbali. Tukiviacha pembeni, mvua ya kwanza itavirudisha.

Nne, tupime kwa jani. Litupe majini: likitembea, vizuri, likisimama, hapo ndipo pameziba.

Tano, turudie kila juma. Yai la mbu huchukua kama siku 7 hadi 10 kuwa mbu anayeruka. Tukikaa mwezi, tumeshamfuga.

Tusielekeze choo chochote kwenye mfereji. Kipindupindu tunakijua hapa Uvira, na maji yanayotoka kwako yanapita kwa mwenzako kabla ya kufika ziwani, ambako wengine wanachota. Maji ya kunywa tuyachemshe au tuyatie dawa. Tukimaliza kazi, tunawe mikono na miguu kwa sabuni.

Na ukitaka kujaza udongo kwako, mama, tembea kwanza hadi kwa jirani wa chini. Mwulize: "Maji yangu yatapita wapi?" Mkikubaliana, chimbeni pamoja.

Tuonane Jumamosi, kila mmoja na beleshi yake.